Maisha Mawili Kiooni

Siku hizo sheria ilimkataza mtu kumeza dawa ya kupunguza lehemu katika damu kabla hajatazama, katika kioo cha zahanati, maisha yake yajayo bila dawa na pamoja na dawa.

Mzee Asangalwisye alivua kofia kama aingiaye kanisani. Kwanza kioo kilimwonyesha akiwa ameikataa: moyo wake ulipiga kwa fahari, kisha mshipa ukaziba, naye akaanguka shambani akiwa bado na nguvu. Kisha akaonyeshwa akiwa ameimeza. Damu ilipita katika kila mshipa, hata ule mwembamba kama unywele, na machozi yakamlengalenga kwa ukuu wa kazi ile. Akajiona mkongwe, ameketi kitandani, akiugulia mapaja, maana dawa ile huumiza misuli.

Nyumbani mkewe, Tusajigwe, alimpokea kwa kicheko. "Haya, Baba Lusajo, umeamuaje? Au mwanamume mzima unaogopa kuumwa miguu?"

"Inauma kweli, Mama Lusajo."

"Meza dawa, bwana. Kukukanda kwa maji ya moto ni kazi yangu."

Mzee akakitazama kidonge kiganjani. Kule kiooni, yule mkongwe alikuwa amejichemshia maji mwenyewe, akajikanda mwenyewe, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa umetandikwa vizuri, haujalaliwa.