Fisimaji na Mwanafunzi Mchafu

Paliondokea Fisimaji mmoja, mla samaki, aliyewatembeza wanyama kando ya mto kila Jumamosi akiwafundisha usafi wa maji. Na kila Jumamosi, akifika tu kwenye neno "usafi", Kiboko alijisaidia mtoni mbele ya darasa zima.

"Nimesema mpaka koo limenikauka," Fisimaji akamfokea. "Ondoka, usirudi."

Kiboko akateremka na mkondo, akahamia mbali. Maji yakatakata hadi mchanga wa chini ukaonekana, ila samaki hawakuonekana. Kumbe chakula chao kilikuwa kinyesi kile kile, nao wakakifuata.

Baada ya siku tatu bila kutia kitu mdomoni, Fisimaji akajikokota hadi kwa Kiboko kumwomba arudi.

"Nije na daftari, mwalimu?"

"Daftari liache," akajibu Fisimaji. "Njoo na tumbo lako."