Mchemraba wa Zege

Kona ya mchemraba ilimomonyoka chini ya kidole changu kama mkate mkavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sampuli ya zege la nguzo za jengo lililokuwa likijengwa jirani.

"Mhandisi, hili zege bovu," nikasema. "Hata kwenye mashine halijafika."

Mkuu wa maabara hakugeuka. "Ulibisha hodi ofisi ngapi kabla ya kufika kwangu, mdogo wangu?"

Mji mzima ulikuwa umenifungia milango, na bila mafunzo ya kazini chuo hakinipi shahada ya uhandisi.

"Basi mtaka cha mvunguni huinama."

Akatoa kabatini mchemraba mwingine, laini, mzito, uliotengenezwa humuhumu maabarani kwa saruji ya kutosha. Akauchora kwa chaki alama ileile ya ule wa kwanza, akauweka kwenye mashine ya kupimia nguvu.

"Huu ndio uliotoka kwenye jengo. Bonyeza, na nafasi ni yako."

Dirishani, jengo lenyewe lilisimama juu ya nguzo zile, na mafundi walikuwa wakimwaga zege la ghorofa ya juu huku wakiimba. Ukingoni alikuwa Twiga, mwenzangu wa chumba chuoni, shingo ndefu kama jina lake. Alipopata nafasi ya mafunzo pale, nilimwonea wivu hadi nikashindwa kumpongeza.

Aliniona. Akanipungia mikono yote miwili.

Nikainua mkono wangu kumjibu. Vidole vilikuwa vya kijivu kwa vumbi la nguzo iliyomshikilia.

"Bonyeza," mhandisi akasema.