Kisanduku Mwishoni mwa Barua

Mwishoni mwa barua kulikuwa na kisanduku kitupu, na mzee hakutaka kifutwe.

"Kiache kama kilivyo," alimwambia fundi wa kupanga kurasa. "Aliandika yeye."

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, shati lake limepigwa pasi upande wa mbele tu. Simu yake ilikuwa imeanza kuzimika ovyo, akaogopa isije ikafa na barua pepe za mkewe, zote mia mbili na kitu. Alitaka zichapwe kijitabu. Nakala moja.

Fundi akauliza kama aweke picha ya marehemu na tarehe zake. Mzee akasema tarehe za nini, aweke barua tu. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu mkewe aondoke, na mpaka leo alikuwa akipika chakula cha watu wawili, kesho yake akila kiporo. Fundi akampa pole.

Barua zenyewe zilikuwa za mistari miwili mitatu. Mkewe alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, akiziandika mchana kwenye kompyuta ya kazini. Nunua vitunguu. Fundi bomba amekuulizia. Usivae ile soksi yenye tundu. Ya mwisho ilisema: "Nimechoka sana. Nakwenda kupumzika kwa dada. Chakula kipo jikoni." Kisha kile kisanduku.

"Hakurudi tena," mzee alisema.

Fundi alikikodolea macho kile kisanduku, kisha akamwambia kwamba hakikuandikwa na mtu. Kompyuta haitumi picha ya herufi, alimweleza, hutuma namba. Kila alama imepewa namba yake, na mashine inayopokea hutafuta umbo la namba hiyo kwenye fonti zake, hazina yake ya maumbo ya herufi. Isipoliona, huchora kisanduku kuziba pengo. Simu ya mzee ilikuwa ya zamani, na alama yenyewe huenda si ya kila siku.

"Kwa hiyo kuna kitu humo?"

"Kipo. Kimekuwepo siku zote."

Fundi akakinakili kwenye kompyuta yake. Namba ikatokea: 2042. Akabadilisha fonti, na pale palipokuwa na kisanduku zikakaa nyota tatu ndogo, zimepangana kama mafiga: ⁂

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba mkewe alizoea kuiweka alama ile kwenye miswada, mahali hadithi inapopumzika kabla ya kuendelea. Nyumbani aliichora kwa kalamu. Wakikosana asubuhi, alimwachia kikaratasi mezani chenye nyota zile tatu, maana yake hayajaisha, jioni tutaongea. Kwenye simu mzee hakuwahi kuziona. Siku ile aliona kisanduku kitupu, akaelewa kwamba anaambiwa hakuna kilichobaki.

"Sikumjibu," alisema.

"Usijilaumu, baba. Hukujua."

Fundi akageukia kompyuta ili asimtazame usoni. Akauliza, kwa kuwa ilibidi aulize kitu, kama jalada liwe jeusi. Mzee akamwambia kijitabu kisubiri kwanza. Akainuka akiegemea meza, akatoka hadi barazani na simu yake mkononi.

Alibonyeza namba, tarakimu moja moja, bila kuitafuta popote. Alikuwa nayo kichwani. Alikosea mara moja, akafuta, akaanza upya.

Simu iliita kwa muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamke, ile ile ya miaka tisa iliyopita, nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana, ikauliza:

"Nani mwenzangu?"