Sanamu la Siwatu

Panya wa siku hizi hawajali sumu wala paka. Wanakimbia sauti ya mwenye shamba peke yake. Kwa hiyo kila shamba lina sanamu lake, na sanamu hurudia yale tu ambayo mume ameyasema nyumbani kwa mke anayelima hapo.

Mume wetu, Kondo, hulala kwangu siku mbili, kwa Siwatu siku mbili. Zamu haivunji. Lakini sanamu langu hushinda likifoka mahindini: "Chumvi imezidi! Shati langu liko wapi?" La mke mwenzangu, ng'ambo ya mfereji, linauliza polepole: "Umekula, Siwatu? Njoo ukae hapa."

Miaka ishirini sijaulizwa kama nimekula.

Leo mchana, Siwatu alipokwenda kisimani, nikayabadilisha: langu kwake, lake kwangu.

Aliporudi akasimama kando ya mfereji. "Bi mkubwa, sanamu langu linadai shati."

"Panya wamekuja?"

"Hawajaja."

"Basi shukuru."

Akaondoka. Nikakaa chini katikati ya mahindi, jembe mapajani.

"Umekula, Siwatu?" sauti ya mume wangu ikauliza nyuma yangu.

"Bado, mume wangu," nikaitika.