Glavu za Zamda

Sheria inaamuru kila mashine yenye mota isimame mara inapokaribia ngozi ya mtu. Mume wangu, Mbwana, alipokatwa mikono kazini na mashine ya kukatia mabati, kiwanda kilimpa mikono ya bandia yenye mota, nayo ikahesabiwa kuwa mashine. Inamtambua yeye peke yake; ikikaribia ngozi ya mtu mwingine yeyote, husimama. Tunapokula katika sinia moja, binti yetu Zamda akiingiza mkono, wa baba yake huganda juu ya wali.

"Mkwe, mikono yako ina adabu kukushinda mwenyewe," mama yangu humtania, naye hucheka.

Zamda alitamani kushikwa mkono na baba yake. Jana alikuja amevaa glavu zangu za mpira.

"Baba, nishike sasa. Haitajua kuwa mimi ni mtu."

Mbwana alisita, kisha akaunyoosha mkono. Haukusimama. Vidole vilijifunga juu ya glavu, na mtoto akacheka kwa furaha.

"Mama Zamda," mume wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "mimi sihisi kitu. Mtazame usoni, uniambie nikimwumiza."

Nikautazama uso wa mwanangu, ambaye angevumilia maumivu yoyote ili asiachiliwe.