Tundu la Mwisho

Mashine ya kunoa ilibakiza tundu moja tu, la mpini wa kuzungushia. Vipande vyake vyote vya chuma cha kusubu kwenye kalibu Sikudhani alivipiga tupa mwenyewe, kwenye jiliwa la kubania chuma la mumewe, Chande, ndani ya chumba walichokifanya karakana. Chande aliviacha vikiwa havijapigwa tupa miaka minne iliyopita, siku aliyoaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na tangu hapo hata salamu hazikuja. Mahali pa tundu Chande alikuwa amepatia alama upande wa kushoto, maana yeye hutumia mkono wa kushoto.

"Shemeji, toboa kulia," alisema Kombo, rafiki wa Chande, aliyekuja kumshikia chuma kisicheze. "Atakayenoa si wewe?"

"Na akirudi?"

"Akirudi atajifunza, alaa! Kwani mkono wa kulia hana?"

Sikudhani akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Chuma kikishatobolewa hakishoneki kama nguo. Akachukua chaki, akatia nukta upande wa kulia. Akasimamisha keekee ya kutobolea juu yake, akaiegemea kwa kifua, akaanza kuzungusha. Unga mweusi wa chuma ukamwagika polepole juu ya vidole vyake.