Tableti ya Kuangalia Safarini

"Chukua mwanangu, safari ya Kanada ni ndefu, utaangalia sinema. Ukifika, mdogo wangu ataipokea," yule mama tuliyekaa naye uwanja wa ndege Mwanza alimwambia binti yangu Hadiya.

Hadiya akaipokea tableti kwa mikono miwili, kama nilivyomfunza.

Nikaishika. Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, na skrubu zake zilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Iwashe basi tuone, dada."

"Imeisha chaji."

"Umeme si huo hapo ukutani?"

"Mama, unaniaibisha!" Hadiya akanipokonya, akaenda kupanga foleni ya ukaguzi.

Nikageuka. Kiti cha yule mama kilikuwa kitupu.

"Hadiya, itupe!" nikapiga kelele.

Aliyegeuka wa kwanza ni askari.